Mtoto chakula kinamkataa? Tuongee kuhusu vidonge vya vimeng'enya kabla hujatoa hela

Mtoa dawa wa Mwanjelwa:

Wakuu salaam, hasa wazazi wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe.

Kuna pakiti zinazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya akina mama na kwenye semina za wauza virutubisho. Zinaitwa vimeng'enya vya kusaga chakula, na anayeziuza atakuambia zinamfaa mtoto yeyote ambaye chakula kinamkataa, awe wa maziwa, wa ngano, wa karanga, wa maharage, hata yule asiyeongezeka kilo. Mimi niko duka la dawa. Wazazi wananiletea hizo pakiti niwasomee lebo wakiwa wameshalipa, na wengine wameshamkatisha mtoto nusu ya vyakula vya nyumbani. Inaniuma sana, ndiyo maana leo naandika ninachokijua chote. Mtanivumilia urefu.

Kimeng'enya ni protini inayotengenezwa na mwili ili kukata chakula kiwe vipande vidogo vya kupita kwenye ukuta wa utumbo. Kila kimoja kina kazi yake, kama ufunguo na kufuli lake. Laktasi hukata laktosi, yaani sukari ya maziwa. Amilasi hukata wanga, lipasi hukata mafuta, protini zina kundi lake. Zile sukari za maharage zinazoleta gesi zinakatwa na alfa-galaktosidasi, ambayo utumbo wetu hauitengenezi kabisa. Kwa hiyo mzazi akiniuliza kama hizi ni nzuri, mimi namuuliza kwanza mtoto wake anashindwa kusaga nini. Hilo likiwa halijulikani, pakiti yoyote ni kubahatisha.

Chukua maziwa, maana huko Rungwe na Njombe kwenye ng'ombe wengi ndiko lawama nyingi zinakotoka. Mama anasema "maziwa yanamkataa". Kwa kauli hiyo moja anaweza kuwa anazungumzia mambo matatu tofauti kabisa.

La kwanza ni laktosi. Mtoto anakunywa, na kati ya nusu saa na saa mbili tumbo linajaa, linanguruma, linamsokota, anaharisha maji maji yenye gesi, na makalio yanakuwa mekundu kwa sababu choo kimekuwa na asidi. Hapa kiasi ndicho kinachoamua. Kikombe kizima kinamsumbua, robo kikombe na chakula anakaa nayo vizuri. Kwa watu wengi wa Afrika laktasi hupungua kadiri mtoto anavyokua, na dalili huanza kuonekana kuanzia miaka mitatu, mitano, kwenda juu. Si ugonjwa, ndivyo miili mingi ilivyo. Jamii zilizoishi na ng'ombe kwa karne nyingi zina tofauti: mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba watu wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba yanayoifanya laktasi iendelee mpaka utu uzima.

La pili ni mzio, aleji, wa protini ya maziwa. Hapa ni kinga ya mwili inayopigana. Utaona vipele vinavyowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa, kifua kubana. Kwa mtoto mchanga inaweza kuwa damu au makamasi kwenye choo. Hapa kijiko kimoja tu kinatosha kuleta balaa, na laktasi haisaidii chochote, kwa sababu inakata sukari na tatizo liko kwenye protini. Naomba hili lishikwe: hakuna kimeng'enya cha kumfanya mtoto mwenye aleji ya karanga, mayai, samaki au maziwa ale salama. Aliyeambiwa vinginevyo ameuziwa hatari. Mtoto akivimba midomo na kuanza kupumua kwa shida, huyo anakimbizwa hospitali kuchomwa adrenalini. Usimsubirishe kwa kidonge wala kwa kikombe cha maziwa.

La tatu halihusiani na maziwa hata kidogo. Ni jiadia (kijidudu cha utumboni), ni amiba, ni minyoo, ni maziwa yaliyonunuliwa barabarani yakanywewa bila kuchemshwa. Jiadia hasa ndiyo inayodanganya, kwa sababu inauchubua utumbo na kumfanya mtoto ashindwe kusaga laktosi kwa muda. Ukimpa laktasi atapata nafuu kidogo, na mdudu atabaki ndani. Kupima choo ni hela ndogo ukilinganisha na bei ya hizo pakiti.

Sasa vinasaidia wapi? Laktasi inafanya kazi kwa mwenye shida ya laktosi, hilo sina ubishi nalo. Inatolewa pale pale mtoto anapoanza kula, kwa sababu inakatia chakula tumboni, haijengi kitu mwilini. Zipo pia za matone. Maziwa yanachemshwa, yanaachwa yapoe kabisa, yanawekwa matone na kukaa kwenye friji kama saa 24, na utayaona yamekuwa matamu zaidi kwa sababu laktosi imeshakatwa kuwa glukosi na galaktosi. Kosa ninalolikuta hapa kwetu kwenye baridi ni kuiweka kwenye chai ya maziwa ikiwa jikoni. Joto linaiua. Umemnywesha mtoto chai ile ile, na hela imekwenda.

Lakini hata kabla ya laktasi kuna mtindi. Maziwa ya mgando yana laktosi pungufu kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu yake, na bakteria hao wanaingia tumboni na laktasi yao. Watoto wengi ambao maziwa freshi yanawasumbua wanakula mtindi bila shida. Mzazi aanze na huo, vijiko vichache pamoja na ugali au kiazi.

Kuna kundi la dawa linaitwa pankreatini. Humo kuna lipasi, amilasi na protisi (ya kukata protini) kwa pamoja, na kwa kawaida hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Waislamu na Wasabato mnapaswa kuambiwa hili kabla ya kununua, na wauzaji wengi hawasemi. Ni dawa halisi, inaokoa maisha ya watoto ambao kongosho zao hazifanyi kazi, kama wenye ugonjwa wa kurithi uitwao saistiki faibrosisi. Lakini inatolewa na daktari kwa kupima uzito. Miaka ya 1990 ilionekana kwamba watoto waliopewa dozi kubwa sana walipata makovu yaliyobana utumbo mpana, na tangu hapo madaktari wanashauriwa wasizidishe uniti 10,000 za lipasi kwa kila kilo ya mtoto kwa siku. Sasa mwenzangu, wewe unaongeza kidonge kwa kukadiria tu kwa sababu jana hakupata choo?

Na ngano. Ugonjwa wa siliaki ni kinga ya mwili kuushambulia utumbo kwa sababu ya gluteni iliyo kwenye ngano, shayiri na rai. Tiba yake ni kuacha vyakula hivyo maisha yote, na vidonge vya "kusaga gluteni" havimruhusu mgonjwa kula chapati. Afadhali sisi huku, maana mahindi, mchele wa Kyela na Usangu, ulezi, viazi na ndizi havina gluteni. Angalizo ni unga wa lishe. Mchanganyiko wenye ngano, soya, karanga, ulezi na dagaa ukimsumbua mtoto huwezi kujua mkosaji ni nani. Mpikie wa nafaka moja kwanza, ongeza kimoja kimoja, kila kimoja ukipe siku kadhaa.

Ninachokihofia kuliko hivyo vidonge ni kumnyima mtoto chakula. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 30 kwa nchi nzima, lakini Iringa ni 57, Njombe na Rukwa karibu 50. Mikoa hii hii inayolisha nchi! Halafu mtu anakuja na ile mashine ya kushika mkononi, dakika mbili anakutolea karatasi kwamba mwanao "hapatani" na maziwa, mayai, maharage, karanga na parachichi. Mashine ile haipimi aleji ya chakula. Ukiifuata, umemuondolea mtoto karibu kila chenye protini na mafuta mezani kwako, kisha unauziwa pakiti ya kuziba pengo.

Nimalizie na kimeng'enya ambacho bibi zetu wanakijua vizuri, kimea. Ulezi unalowekwa usiku, maji yanamwagwa, unafunikwa na kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka uchipue, unaanikwa, unasagwa. Kwa komoni na togwa ni kitu cha kila siku. Nafaka inapochipua inatengeneza amilasi nyingi. Pika uji mzito wa kawaida, mzito kiasi cha kijiko kusimama, epua, uache upoe kidogo usiwe unatokota, tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji unalegea mbele ya macho yako na kuwa wa kunywa, unga ukiwa ule ule. Urudishe jikoni uchemke tena, kwa sababu mbegu zinazochipua hubeba vijidudu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1980, kwa sababu mtoto ana tumbo dogo na uji mwepesi wa kawaida ni maji mengi chakula kidogo. Kimea hakitibu aleji wala laktosi. Kinamfanya mtoto apate chakula kingi kwenye kikombe kile kile, na hicho ndicho watoto wetu wengi wanachokosa.

Karibuni kwa maswali.

Mama wa Makambako:

Kamwene kaka. Asante kwa uzi, nimeusoma wote. Mwanangu ana mwaka na miezi minane. Aliharisha vibaya mwezi uliopita, akapona, lakini tangu hapo akinywa maziwa ya ng'ombe anaharisha tena. Nimeambiwa nimnunulie vimeng'enya na nimuachishe kunyonya kwa sababu maziwa yangu nayo yana laktosi. Nifanyeje?

Mtoa dawa wa Mwanjelwa:

Kamwene mama. Usimuachishe, tafadhali. Ni kweli maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, kama gramu 7 kwa kila mililita 100, ya ng'ombe hayafiki 5. Lakini hata mtoto anayeharisha anaendelea kunyonya, huo ndio ushauri wa WHO na wa kliniki zetu.

Kilichotokea ni hiki. Laktasi inakaa kwenye ncha kabisa za vinyweleo vya utumbo, na kuharisha kukali kunazikwangua ncha hizo. Zinaota upya, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Kwa sasa punguza ya ng'ombe, jaribu mtindi kidogo kidogo, mpe uji, parachichi, yai, viazi. Akiharisha tena mpe ORS, na vidonge vya zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata choo kikikaa sawa mapema. Kwa umri wake maziwa kumkataa ghafla namna hiyo kuna sababu, kwa hiyo peleka choo kipimwe jiadia. Je, uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda?

Mama wa Makambako:

Mwezi huu haujapanda, umebaki pale pale.

Mtoa dawa wa Mwanjelwa:

Basi usisubiri tarehe ya kliniki, nenda wiki hii.

Muuza virutubisho:

Mkuu nakuheshimu ila umetuweka wote kapu moja. Mimi nauza hizi bidhaa na nina wazazi wanaonishukuru. Watoto waliokuwa wanalia usiku kucha sasa wanalala. Utasemaje hao wanadanganya?

Mtoa dawa wa Mwanjelwa:

Hawadanganyi, dada. Naamini wamepata nafuu. Pakiti ikiwa na laktasi na mtoto shida yake ni laktosi, atapona gesi kweli. Na matumbo mengi ya watoto hutulia yenyewe, hasa ya wachanga, ambao kulia kwa tumbo hufikia kilele karibu na wiki ya sita na kwa wengi huisha mwezi wa tatu au wa nne. Ukimuanzishia chochote wiki ya nane, kitaonekana kimeponya.

Ninachokuomba ni kitu cha haki kwa mteja wako. Soma lebo mbele yake. Mwambie ndani kuna vimeng'enya gani na vimetoka wapi. Vingi hutoka kwenye ukungu unaoitwa Aspajilasi, vingine kwenye papai na nanasi, na vyote hivyo vinaweza kumletea mtoto mwingine aleji. Kisha muulize kama mtoto amewahi kuvimba, kubanwa kifua au kutoa choo cha damu. Akisema ndiyo, usimuuzie, mwelekeze hospitali. Na kama kwenye pakiti hakuna kiasi cha uniti, isipokuwa "mchanganyiko maalumu" tu, hiyo hata mimi siwezi kumshauri mtu.

Muuza virutubisho:

Sawa, hilo la kuuliza kwanza nalichukua. Ila lebo zingine ziko kwa Kichina.

Mtoa dawa wa Mwanjelwa:

Hizo dada usiziuze kwa mtoto. Dawa inapaswa kuwa na usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa, na mambo ya chakula tangu 2019 yako TBS, shirika la viwango. Nenda kaulize ofisini kwao, wanajibu.

Kijana wa Tukuyu:

Ndaga mkuu. Kwangu shida ni maharage. Watoto wote wawili wanajaa gesi, wa mwisho juzi alitapika kabisa. Kile cha kukata sukari za maharage kinapatikana?

Mtoa dawa wa Mwanjelwa:

Ndaga fijo. Gesi na kutapika tuvitenganishe. Gesi ni zile sukari, na zinapungua sana ukiloweka maharage usiku kucha, ukamwaga maji yale na kupikia mapya. Fanya hivyo kwanza kabla ya kutafuta kidonge.

Kutapika kunanipa wasiwasi mwingine. Maharage, hasa mekundu, yakiwa hayajaiva yana sumu inayoitwa lektini, na mtu hutapika ndani ya saa chache. Sisi tuko juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo chakula kinachukua muda mrefu kuiva kuliko Dar. Mtu akibana mkaa, sufuria linabaki linafukuta tu bila kutokota, punje inalainika nje na ndani bado. Yatokote kwa nguvu nusu saa nzima, kisha ndiyo upunguze moto. Bonyeza punje katikati ya vidole, isikupe kiini kigumu. Nani anapika hapo nyumbani?

Kijana wa Tukuyu:

Dada wa kazi, na kweli mkaa anabana. Leo nitasimamia mwenyewe.

Baba wa Ipogolo:

Wakuu, mimi mwanangu ana usonji. Tumeambiwa vimeng'enya vinasaidia tabia na kuongea. Ana miaka sita, na bei si mchezo.

Mtoa dawa wa Mwanjelwa:

Pole na hongera kwa kumpigania, kaka. Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Australia kwa watoto 43 wenye usonji, kila mmoja akipewa vimeng'enya kwa kipindi na unga usio na dawa kwa kipindi, wazazi na madaktari wakiwa hawajui kipi ni kipi. Tabia na dalili za tumbo hazikuonyesha tofauti ya maana. Yapo majaribio mengine yenye majibu mazuri zaidi, lakini mimi kwa hela ya mzazi wa kawaida siwezi kukuambia utoe.

Ila watoto wenye usonji wanasumbuliwa sana na tumbo, hasa kufunga choo, na asiyeweza kusema "naumwa" anaonyesha kwa hasira na kujipiga. Tumbo likitibiwa, tabia nayo hutulia. Anapata choo mara ngapi kwa wiki?

Baba wa Ipogolo:

Mara mbili, na kwa shida. Hatukuwahi kufikiria hilo.

Mtoa dawa wa Mwanjelwa:

Anza hapo. Mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Na hela ya vidonge ipeleke kwa mtaalamu wa kumfundisha kuongea.

Bibi wa Mafinga:

Wajukuu wangu, shikamooni nyie mlioko humu wakubwa. Mimi nalea mjukuu wa miaka minne. Anakula vizuri kuliko wote hapa nyumbani lakini amekonda. Choo chake ni kingi, kinanuka sana, kinang'aa kama kimemwagiwa mafuta na kinaelea. Na kikohozi hakimuishi. Hizo dawa za kusaga chakula ndizo zinamfaa huyu?

Mtoa dawa wa Mwanjelwa:

Shikamoo bibi. Huyo inawezekana kweli anahitaji vimeng'enya, lakini vile vya daktari, sio vya pakiti. Choo cha mafuta maana yake mafuta aliyokula hayakusagwa au hayakupita utumboni, na hapo kongosho, siliaki, jiadia na utapiamlo vyote vinaangaliwa. Utapiamlo mkali wenyewe huidhoofisha kongosho. Kikohozi nacho kipimwe, kifua kikuu kwanza.

Mpeleke hospitali ya wilaya hapo hapo Mafinga, na uombe rufaa kwa daktari wa watoto wakiona inafaa. Beba kadi ya kliniki hata kama imechakaa, na choo cha asubuhi kwenye kopo safi lenye mfuniko. Usimpunguzie mafuta wala maziwa kabla hujaonana nao, watataka kumuona anavyokula siku zote. Nauli ikiwa shida nitumie ujumbe pembeni, bibi, humu ndani tupo wengi.